UZI: Marc Bloch, profesa wa zama za kati aliyeishia mbele ya bunduki za Wajerumani

Kalamu Nyeusi (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kuna mdau kwenye uzi mwingine kaandika kwamba anayesomea historia ya zama za kati (Ulaya ya kama karne ya 5 mpaka ya 15) ni mtu aliyeogopa maisha akaamua kujificha kwa wafalme waliokufa. Sikumjibu kule nisije nikawaharibia watu uzi wao, ndo nimefungua huu. Namleta mtu mmoja tu, Marc Bloch wa Ufaransa, mkimaliza kusoma mniambie alijificha wapi. Ni ndefu, asiye na muda apite kwa amani.

Jamaa kazaliwa Lyon tarehe 6 Julai 1886, familia ya Kiyahudi yenye asili ya Alsace, ule mkoa ambao Wajerumani waliubeba baada ya kuichapa Ufaransa vita vya 1870-71, na wakina Bloch wakachagua kubaki Wafaransa. Baba yake Gustave alikuwa profesa wa historia ya Roma, kwa hiyo tusidanganyane, dogo hakuanzia sifuri. Kapita Louis-le-Grand, sekondari maarufu ya Paris, 1904 kaingia École Normale Supérieure pale Paris, shule ambayo ukishapokelewa tu watu wanaanza kukuita msomi, 1908 kafaulu agrégation ambao ni mtihani wa ushindani wa kupata walimu wa daraja la juu, halafu akaenda Berlin na Leipzig kuwasoma Wajerumani maana enzi hizo kwenye kuchambua nyaraka za kale hakuna aliyewafikia. Karudi, kapata ufadhili wa utafiti kama miaka 3, kisha akawa mwalimu wa sekondari Montpellier na baadae Amiens.

Mpaka hapo ni CV ya mtoto wa profesa anayeelekea kuwa profesa. Ikaja Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia.

Mzee wa Kijiwe

Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Kalamu Nyeusi

Kaenda vitani akiwa sajenti wa askari wa miguu, kapigana kwenye mto Marne, mapema 1915 taifodi nusura imuue, akapona akarudi mstari wa mbele, vita inaisha 1918 yeye ni kapteni mwenye nishani. Wasomi wengi wa rika lake walikufa mle mahandakini. Yeye alipotoka alitoka na kitu ambacho maprofesa wake Paris na Leipzig wasingeweza kumpa, alikuwa ameona kwa macho yake uongo unavyozaliwa mpaka unakuwa ukweli wa watu wote.

Ana makala yake ya 1921 kuhusu tetesi za vitani, humo anasimulia kisa cha Septemba 1917. Kikosi chao kilikuwa Chemin des Dames, eneo la mapigano kaskazini mwa Ufaransa, karibu na mji mdogo unaitwa Braisne. Wakamkamata Mjerumani mmoja, mwanajeshi wa akiba, wakamhoji, akasema kwao ni Bremen na kazi yake kabla ya vita ni mfanyabiashara. Bremen ni mji wa Ujerumani, kwa Kifaransa unaitwa Brême, na kwenye sikio linakaribiana na Braisne. Basi baada ya muda mfupi tu habari ikawa imezunguka kikosini kwamba yule mateka alikuwa na duka hapo Braisne kabla ya vita, kwamba alikuwa jasusi aliyepandikizwa miaka yote hiyo, oneni hawa Wajerumani walivyojipanga!

Bloch hakucheka akaishia hapo. Akajiuliza kwanini kosa lichukue njia hiyo na sio nyingine, na jibu lake ni kwamba masikio ya askari yalikuwa yameshaandaliwa, kila mtu aliamini tayari kwamba Wajerumani wamejaza majasusi kila kona, kwa hiyo jina lililosikika vibaya likaangukia kwenye imani iliyokuwa inasubiri. Tetesi haizushwi hivi hivi tu, inakuta watu wanaoitaka.

Alafu kuna jikoni. Jeshini mahandaki yalitengana, huyu hajui cha yule, sehemu pekee watu wa vikosi mbalimbali walikuwa wanakutana ni kwenye majiko ya nyuma wanapokwenda kuchukua chakula, na habari zinapikwa hapohapo na chakula. Na kwa vile magazeti yalikuwa yamekatwakatwa na serikali, askari hawakuamini tena kilichochapishwa, waliamini cha mdomoni. Akaona kumbe mimi naishi ndani ya jamii ya zama za kati, watu wametengana, maandishi hayaaminiki au hayafiki, na habari zinabebwa na wachuuzi na wasafiri wanaokutana mahali pamoja.

Mkaidi

Ni mimi niliyeandika kule kwahiyo nimekuja mwenyewe. Mkuu stori ya vita tamu lakini huyo ni askari aliyeandika kumbukumbu zake. Hizo zama za kati ziko wapi?

Kalamu Nyeusi

Karibu Mkaidi, ulikuwa unasubiriwa.

Mwaka 1924 Bloch katoa kitabu kinaitwa Les Rois thaumaturges, wafalme waponyaji. Kwa karne nyingi wafalme wa Ufaransa na wa Uingereza walikuwa wanaaminika kuponya ugonjwa wa uvimbe wa tezi za shingo, ule unaotoa vidonda vinavyonuka, kwa kugusa tu. Mgonjwa anapiga magoti, mfalme anamgusa, anafanya ishara ya msalaba, na mgonjwa anaondoka na hela kidogo. Na hili halikuwa jambo la watu wachache kijijini, hesabu za ikulu ya Edward wa Kwanza wa Uingereza zipo, kila mgonjwa alipewa peni moja na karani akaandika, mwaka mmoja wagonjwa wanazidi 1,700. Mtoto Samuel Johnson, yule yule aliyekuja kutunga kamusi maarufu ya Kiingereza, alipelekwa kwa Malkia Anne akaguswa mwaka 1712. Ufaransa mfalme wa mwisho kugusa wagonjwa ni Charles wa Kumi mwaka 1825, hapo tuna injini za mvuke tayari!

Wanahistoria wengine walikuwa wanalipita hili kama ushamba wa watu wa kale, waandike mistari miwili waendelee na vita na mikataba. Bloch akakaa nalo, akaja na swali lile lile la mahandakini, ilikuwaje watu wengi hivyo, na madaktari wao humohumo, waamini kwa miaka mia kadhaa mfululizo kitu ambacho hakikuwa kinatokea? Jibu lake, wafalme walihitaji kuonekana watakatifu kuliko makabaila wenzao kwahiyo ibada ikawafaa kisiasa, lakini siasa peke yake isingetosha kama watu wasingekuwa tayari wanategemea muujiza. Hapo ndo Braisne inapokutana na ikulu. Asingekaa kwenye matope na wenzake sidhani kama angekiandika kile kitabu kwa namna ile.

Daktari Uchwara

Kuongezea kidogo upande wa tiba, ugonjwa wenyewe ni kifua kikuu cha tezi, na tabia yake ni kwamba uvimbe unaweza kunywea wenyewe kisha ukarudi baadae. Kwahiyo mfalme kagusa leo, baada ya miezi shingo ikapungua, nani atabisha? Ukirudi si unaenda kuguswa tena.

Kalamu Nyeusi

Umemaliza Daktari, na hicho ndo alichokiona. Kaka yake Louis alikuwa daktari na walikuwa wanajadiliana haya mambo, bahati mbaya alifariki 1922 kabla kitabu hakijatoka.

Nyota Njema

Samahani kuwarudisha nyuma, alikuwa anakula wapi muda wote huo? Maana kuandika vitabu vya wafalme na tezi hakulipi.

Kalamu Nyeusi

Swali zuri. Alsace iliporudi mikononi mwa Ufaransa baada ya vita, serikali ikataka chuo kikuu cha Strasbourg kiwe cha kuwaonesha Wajerumani kwamba na sisi tupo, wakapeleka vijana wakali wa kila fani. Bloch akapata nafasi 1919 na mwaka huohuo akamuoa Simonne Vidal, wakapata watoto 6. Huyo mama hatajwi sana lakini ndiye aliyekuwa msaidizi wake wa kazi, sio wa kuleta chai, wa kushughulika na maandishi yenyewe.

Tasnifu yake ya udaktari ilikuwa fupi, ilihusu wafalme na wakulima wasio huru, wale waliofungwa kwenye himaya ya bwana. Waliotoka vitani waliruhusiwa kuwasilisha kazi ndogo na hakuna aliyewalaumu.

Utamu wa Strasbourg ni kwamba mwanahistoria, mwanasosholojia, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lugha, wote walikuwa wanakaa meza moja Jumamosi wanabishana. Chumba cha jirani yake alikuwepo Lucien Febvre, mtaalamu wa karne ya 16, na 1929 hao wawili wakaanzisha jarida, Annales, la historia ya uchumi na jamii. Lengo ni kuitoa historia kwenye orodha ya wafalme, vita na mikataba, waingize bei, mashamba, imani, hofu, hela, barabara. Jarida lipo mpaka leo, na kuanzia hapo ukitaka kuandika historia ya watu wa kawaida popote duniani kuna deni lao mahali.

Mkaidi

Bado. Mfano mmoja basi wa hao watu wa kawaida, maana naona wafalme tu hapa.

Kalamu Nyeusi

Kinu. Chukua kinu cha maji.

Mwaka 1935 Bloch kaandika makala ya vinu vya maji. Warumi walikuwa wanakijua kinu cha maji, ufundi upo kabla ya Kristo, lakini yeye anasema hakikuenea sana. Kinaenea zama za kati, kiasi kwamba Uingereza sensa ya mali ya mwaka 1086 inahesabu vinu zaidi ya 5,000. Kwanini teknolojia ilale karne zote hizo? Anasema ukiwa na watumwa wa kusaga wa bure hutahangaika kujenga gurudumu na mfereji. Watumwa walipopungua, kinu kikawa na maana.

Ila usije ukadhani kinu kilikuja kama maendeleo kila mtu akapiga makofi. Kinu ni cha bwana. Mto ni wa bwana. Na bwana akatoa amri, hakuna kusaga nyumbani, nafaka yote iletwe kwangu na mimi nakata changu. Wakulima wakaendelea kusaga kwa mawe ya mkono kimyakimya. Pale St Albans Uingereza, abasia kubwa ya watawa, kwenye miaka ya 1330 abate, yani mkuu wa watawa, akawapora watu wa mji mawe yao ya kusagia, akayapeleka ndani ya monasteri akayatandaza sakafu ya chumba cha mapokezi. Yani ukiingia kuongea na watawa unakanyaga jiwe la mama yako. Mwaka 1381 ulipolipuka ule uasi mkubwa wa wakulima, watu wa St Albans waliingia wakaibomoa ile sakafu, wakayavunja mawe vipandevipande wakagawana, na mwandishi wa abasia mwenyewe anasema waligawana kama ule mkate uliobarikiwa wa Jumapili kanisani. Nusu karne imepita na hawakusahau.

Haya, huyo mfalme yuko wapi hapo Mkaidi?

Mzee wa Kijiwe

Duh. Miaka 50 watu wanakumbuka jiwe.

Mkaidi

Hiyo nimeikubali, sikatai. Ila nyaraka za hao watawa zimeandikwa na watawa, mkulima mwenyewe yuko wapi?

Kalamu Nyeusi

Na ndo ugumu wa kazi yenyewe. Kabla ya hapo 1931 alitoa kitabu cha historia ya kilimo cha Ufaransa, kimetokana na mihadhara aliyotoa Oslo, na mbinu yake ni kusoma kinyumenyume. Nyaraka za zamani sana kuhusu mashamba ni chache na zinaongea kwa mafumbo, basi anaanzia ramani za mashamba za karne ya 18 na 19 ambazo zipo nyingi na ziko wazi, anarudi nyuma taratibu. Kwenye ramani unaona kaskazini mashamba ni marefu membamba yamepangana bila uzio, kusini yana maumbo ya hovyohovyo, magharibi kila mtu kajizungushia uzio wa miti. Plau zito la magurudumu linalovutwa na wanyama wengi ni shida kuligeuza, kwahiyo shamba refu linaeleweka. Ila yeye alikataa kuishia kwenye chombo, akasema shamba lisilo na uzio linataka pia watu waliokubaliana, mpande pamoja, mvune pamoja, halafu mifugo ya kijiji chote iingie kulisha. Mkulima hakuandika neno ila umbo la shamba lake limebaki ardhini.

Na watu waliomfahamu wanasema alikuwa mkali kweli, uhakiki wake wa kitabu cha mtu kwenye jarida ulikuwa kama wembe.

Nyota Njema

Maprofesa wakali hao tunawajua. Paris walimpokea lini?

Kalamu Nyeusi

Alipigania nafasi Collège de France, taasisi ya heshima ya wasomi pale Paris, katikati ya miaka ya 30 akakosa. Ilikuwa kipindi cha hela hakuna na chuki dhidi ya Wayahudi inapanda, watu wanabishana mpaka leo kipi kilichangia kiasi gani. 1936 akapata kiti cha historia ya uchumi Sorbonne, chuo kikuu cha Paris. 1939 na 1940 vikatoka vitabu viwili vya La Société féodale, jamii ya kikabaila, hiyo ndo kazi yake kubwa kabisa ya zama za kati.

Tazameni tarehe lakini. Kitabu cha pili kinatoka Vita ya Pili ya Dunia imeanza na yeye yuko jeshini tena. Ana miaka 53, watoto 6, anaruhusiwa kubaki nyumbani, akaomba mwenyewe kwenda. Alikuwa anatania kwamba ni kapteni mzee kuliko wote kwenye jeshi la Ufaransa. Wakampa mafuta, petroli ya Jeshi la Kwanza zima. Profesa wa ukabaila anahesabu matanki, na taarifa za maghala ya mafuta ya Ubelgiji ikabidi azitafute kwa njia zake mwenyewe kwa sababu wakubwa hawakuwa nazo. Mei 1940 Wajerumani wakaja kama upepo, akavushwa kutoka bandari ya Dunkirk kwenda Uingereza na haraka akarudishwa Ufaransa kupitia Cherbourg, Juni yuko Rennes na Wajerumani wanapita barabarani.

Hapo kafanya kitu nakipenda sana. Kavua sare, katafuta nguo za kiraia, kaenda hotelini kajiandikisha kwa jina lake halisi na kazi yake halisi, profesa. Alijua Mjerumani anatafuta afisa, nani atamhisi babu mwenye mvi anayesoma vitabu hotelini? Mkaidi ulisema historia ni kujificha, hapo kweli alijificha nyuma ya historia, nakupa pointi.

Mkaidi

😂😂 napokea.

Kalamu Nyeusi

Julai mpaka Septemba 1940, akiwa nyumba yake ya shamba, kaandika L'Étrange Défaite, kushindwa kwa ajabu. Jeshi lililokuwa linaonekana bora Ulaya limeanguka ndani ya wiki chache, yeye analichambua kama anavyochambua wafalme waponyaji, makao makuu walikuwa wanapigana vita ya jana, hawaamini kasi ya adui hata wakiiona, ofisi hazisemeshani. Na hakuwaacha watu wa rika lake, na maprofesa akiwemo yeye, waliorudi 1918 wakajifungia na kazi zao wakaiacha nchi ijiendee. Muswada ukafichwa kwa rafiki, ulichapishwa 1946.

Oktoba 1940 serikali ya Vichy, ya Wafaransa walioshirikiana na Wajerumani na kubaki na kusini, ikatoa sheria ya kuwafukuza Wayahudi kwenye kazi za umma. Bloch akawa kati ya wachache waliopewa msamaha kwa sababu ya mchango wao wa kitaaluma, akafundisha Clermont-Ferrand halafu Montpellier. Nyumba yake ya Paris Wajerumani waliichukua na maktaba ikabebwa. New York kulikuwa na kazi inamsubiri, chuo cha New School, lakini viza za watoto wakubwa zikagoma na yeye hakutaka kuondoka bila familia.

Nyota Njema

Na yule rafiki yake Febvre?

Kalamu Nyeusi

Hapo pananiumiza. 1941 Febvre alitaka jarida liendelee kutoka Paris chini ya Wajerumani, na hilo lilimaanisha jina la Myahudi litoke. Akamuomba Bloch ajitoe. Bloch akakataa, wakaandikiana barua kali, mwisho akakubali, na akaendelea kuandika humohumo kwa jina la Fougères, kijiji chenye ile nyumba yake. Wengine wanasema Febvre aliokoa jarida. Mimi naona kuna vitu ni bora vife miaka mitatu kuliko kuishi kwa bei ile, ila sikuwepo na njaa haikuwa yangu.

Mzee wa Kijiwe

Mimi ningekuwa na Febvre. Jarida likifa hao wote tusingewasoma leo.

Daktari Uchwara

Hapana mzee, makala zingetoka baada ya vita. Jina la mtu ukishalifuta umeshalifuta.

Kalamu Nyeusi

Ubishani wenu una umri mrefu, endeleeni. Namalizia.

Novemba 1942 Wajerumani wakaingia kusini nako, mambo ya chuo yakaisha. Akaenda Lyon, mji aliozaliwa, akajiunga na kundi la upinzani la Franc-Tireur. Vijana walishangaa kuletewa mzee mwenye miwani na mkoba. Akaanza na kazi za kupeleka ujumbe, baadae akawa kwenye uongozi wa muungano wa makundi ya upinzani wa mkoa ule, majina yake ya siri ni Arpajon, Chevreuse, Narbonne. Na katika miaka hiyo, bila maktaba, alikuwa anaandika kitabu cha kazi ya mwanahistoria, kinachoanza na swali la mtoto anayemuuliza baba yake historia ina faida gani. Hakukimaliza, Febvre ndiye alikitoa 1949.

Tarehe 8 Machi 1944 Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakamkamata Lyon darajani. Wakamtesa, wakamuweka gereza la Montluc. Majeshi ya washirika yalitua Normandy tarehe 6 Juni, Wajerumani wakaanza kumaliza wafungwa. Usiku wa tarehe 16 Juni wakawachukua watu wapatao 30 wakawapigia risasi shambani Saint-Didier-de-Formans, wawili wakanusurika, Bloch hakuwa mmoja wao. Simonne naye alifariki kwa saratani tarehe 2 Julai, wiki mbili na ushee baadae.

Wasia wake aliuandika mapema, Machi 1941. Alisema kazaliwa Myahudi na hajawahi kufikiria kukana, ila hakuomba asomewe dua za Kiebrania, na kaburini liwekwe neno la Kilatini kwamba aliupenda ukweli. Novemba 2024 Rais Macron alitangaza Strasbourg kwamba Bloch ataingizwa Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi watu wakubwa wa Ufaransa.

Mkaidi

Nimesoma yote. Bado nasema wengi wao wanajificha, ila huyu mtoeni kwenye orodha yangu. Mtu akitaka kuanza aanze na kipi?

Kalamu Nyeusi

Usianze na La Société féodale, utaichoka ukiwa kurasa za mwanzo na utarudi hapa kunitukana. Anza na makala ya tetesi za vitani, ni fupi, halafu ile ya kushindwa kwa 1940, halafu wafalme. Vinu vya maji kisome wakati wowote.

Daktari Uchwara

Mimi naanza na wafalme, nataka kuona hao madaktari wa ikulu walikuwa wanajitetea vipi.